Bamba la Kulia

Kageha hakuwa mwanamke wa kusema "nitajaribu." Ukimpelekea kitu kilichovunjika alikigeuza mara mbili, akakipuliza vumbi, akakutajia siku ya kuja kukichukua, na siku hiyo ulikikuta juu ya meza kimefungwa ndani ya gazeti. Watu wa mtaa wa Jericho walikwisha kumzoea. Wapo waliosema anaringa, nami sitawabishia, maana alikuwa anaringa kweli. Ila ukikutana na fundi wa Eastlands asiyeringa hata kidogo, mwangalie mikono kwanza, huenda si fundi.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, banda la mabati la hatua sita kwa nne. Ndani mlikuwa na leithi ndogo, mashine ya kukerezea, aliyoitoa kwenye kiwanda kilichofungwa upande wa Mukuru kwa Njenga, drili ya kusimama, meza ya mbao yenye jiliwa la kubania vitu, na redio ambayo haikuzimwa ila umeme ukipotea. Hapo alikereza na kutoboa vitu vidogo: vifuniko vya pampu, pete za cherehani, mabamba ya kushikilia mota. Karibu vyote vilikuwa vya alumini. Chuma, alipenda kusema, kinakununia siku nzima, lakini alumini inakusikiliza.

Kazi alifundishwa na babake, Mzee Patrobas, aliyekereza miaka thelathini na moja kwenye karakana ya reli kabla ya kustaafu. Siku hizi mzee alikuwa na stuli yake mlangoni pa banda, na kazi yake kubwa ilikuwa kutazama na kusema. Alikuwa na sheria nyingi, lakini iliyozitangulia zote ni hii: kazi ipime ikiwa bado imebanwa kwenye mashine, na ikifika kipimo ifungue papo hapo, usingoje. Ukingoja utaingiwa na woga, na fundi mwenye woga huharibu. Kageha aliishika sheria hiyo tangu akiwa na miaka kumi na sita, na haikuwahi kumwangusha.

Whitney alimjia Jumatano jioni, akiwa ndani ya kiti chake cha kuchezea mpira wa kikapu, kile chenye magurudumu makubwa yaliyoinamia ndani kwa juu na mawili madogo mbele. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mtaa huo huo, nyumba za upande wa kanisa. Ukuta ulimwangukia akiwa darasa la kwanza na miguu haikuamka tena. Mchana aliuza vifuniko vya simu Eastleigh, jioni alicheza mpira, na mabega yake yalikuwa ya mtu wa kubeba magunia. Ukimwamkia, alikujibu kwa utani. Jumatano hiyo hakuwa na utani wowote.

Shida ilikuwa mbele ya kiti. Kila gurudumu dogo hushikwa na uma, na shina la uma huo huzunguka ndani ya beringi iliyokaa kwenye tundu la bamba la alumini. Bamba la kulia lilikuwa limepasuka. Whitney alieleza kwamba Jumamosi kuna mchujo wa timu ya taifa, wachezaji thelathini kwa nafasi kumi na mbili, na kiti kingine hana. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa. Kocha wao, mwanamume aitwaye Kisilu, alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba kiti chake kinavuta kulia kwa sababu mkono wake wa kulia ni dhaifu kuliko wa kushoto. Tangu siku hiyo, kwa agizo lake, alikuwa akinyanyua chupa za maji zenye mchanga kila asubuhi kwa mkono mmoja tu. Kageha aliutazama mkono wenyewe. Kiganja kilikuwa na malengelenge yaliyopasuka juu ya mengine.

Alimwambia uma ulioshikwa na bamba lililopasuka hauwezi kuzunguka sawa, kwa hiyo mambo ya mkono ayaache kwanza. Angetengeneza mabamba mawili mapya, pacha kabisa, la kushoto na la kulia, ili kusiwe na la zamani na jipya. Kipande kimoja cha alumini nene alikuwa nacho, alikipata kwa wauza vyuma wa Gikomba, na kilitosha mabamba mawili bila kubaki hata la tatu.

"Ijumaa asubuhi unakikalia," alisema. "Na Jumamosi unaitwa jina."

Alhamisi aliamka mapema. Alikata kipande mara mbili kwa msumeno, akapiga tupa kingo, akatoboa matundu ya bolti kwa drili. Saa mbili asubuhi bamba la kwanza lilikuwa limebanwa kwenye taya nne za leithi, naye anapanua tundu la katikati polepole kwa kisu, huku akilidondoshea mafuta ya taa. Alumini bila mafuta ya taa hunata kwenye kisu kama ugali kwenye mwiko. Beringi ilikuwa ya milimita ishirini na nane kwa nje, na tundu lilitakiwa kulingana nayo bila kulegea wala kubana mno. Alipima, akakata kidogo, akapima tena, akafungua. Beringi iliingia kwa kugongwa mara tatu kwa kipande cha mti. Mzee Patrobas aliizungusha kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Umeme ukapotea. Walikaa mpaka saa nane mchana wakiutazama waya wa nguzo kama watu wanaongoja mgeni aliyesema yuko njiani. Uliporudi, jua la Februari lilikuwa juu ya mabati na ndani ya banda mtu alitoka jasho akiwa amesimama tu. Kageha alibana bamba la pili. Katikati ya kazi chupa ya mafuta ya taa ikaisha. Duka lilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo, lakini hatua mia mbili za kwenda na nyingine za kurudi, kwa mtu aliyepoteza nusu ya siku, ni safari. Alikaza kisu kipya akaendelea hivyo hivyo, mkavu mkavu, akiongeza mwendo. Bamba lilipata moto hata hakuweza kuliwekea kidole. Akaingia ndani ya nyumba akaleta mikromita ya kupimia tundu, aliyoihifadhi kabatini mbali na vumbi, akapima kazi ikiwa bado imebanwa, jinsi alivyofundishwa. Ishirini na nane kamili. Akafungua.

Jioni hiyo aliimba akiosha vyombo. Ndugu yangu, raha ya kumaliza kazi kabla ya siku uliyotaja haina mfano, na Kageha aliionja mapema mno.

Ijumaa asubuhi beringi ya kulia ilimsumbua kuingia. Kipande cha mti hakikutosha, ikabidi achukue nyundo. Ilipokaa alijiambia kwamba imeshika vizuri, haitatoka hata kiti kikiruka ngazi. Babake akasema hiyo ndiyo kazi. Wakafunga mabamba yote mawili, nati zikakazwa, Whitney akahamia kwenye kiti, na wote watatu wakaenda kwenye uwanja wa netiboli wa saruji kando ya kanisa, ambapo kuna mstari mweupe ulionyooka kutoka goli hadi goli.

Whitney alijiweka juu ya mstari. Alisukuma mara mbili kwa nguvu, akaachilia mikono. Kiti kilikwenda sawa hatua tano, sita, halafu kikaanza kuuacha mstari. Kikaenda kulia.

Akarudi, akajaribu tena. Kulia. Akasukuma zaidi kwa mkono wa kulia, meno ameyauma, na kiti kikapinda hivyo hivyo, ila safari hii mbele kidogo. Mara ya nne hakurudi kwenye mstari. Aliketi pale kiti kilipompeleka, akavifungua vidole vya mkono wa kulia na kuvitazama.

Mzee Patrobas alitoa hukumu yake upesi. Beringi hizo ni za bandia, alisema, soko lote limejaa bandia, kipimo cha reli hakikosei. Whitney hakumsikiliza. Alimgeukia Kageha, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililomuumiza Kageha zaidi.

"Anti, hii kiti iko fiti. Umenifanyia poa. Ni mkono yangu tu, Kocha alisema ukweli. Acha nimpigie simu aweke mtu mwingine, nisiende kuaibika mbele ya watu."

Na alikuwa tayari ameitoa simu.

Sasa hapa nitasema kitu ambacho Kageha mwenyewe hangependa kisemwe. Kwa muda wa pumzi moja alishawishika. Kiti kilikuwa kimetoka mikononi mwake, mwenyewe anakisifu, kocha mzima amekwisha kumtaja mwenye kosa, na babake anatia muhuri. Hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza kitu. Angetikisa kichwa tu kwa huruma, jina lake libaki zima mtaani, na binti wa watu arudi kwa vifuniko vyake vya simu akiamini ana mkono mbovu mpaka azeeke. Aliona aibu kwa pumzi ile moja, na aibu ndiyo iliyompigisha magoti. Alimwomba Whitney ashuke kidogo kwenye ukingo wa saruji, akakilaza kiti chali, akazungusha uma wa kushoto kwa kidole. Ulizunguka, ukazunguka, ukachoka wenyewe. Akazungusha wa kulia. Ulikwenda nusu duara ukasimama.

"Weka simu," alisema. "Mkono wako hauna kitu. Ni bamba langu."

Whitney alitabasamu jinsi mtu anavyotabasamu akibembelezwa. Alisema anajua Anti ana roho nzuri, lakini asimdanganye kama mtoto. Kageha akaona kwamba maneno hayatafanya kazi hapo. Binti alikuwa amelishwa habari ya mkono ule wiki baada ya wiki, na mtu haachi kuamini ubaya wake kwa kuambiwa tu kwamba ni mzuri. Akatoa spana mfukoni. Mabamba si ni pacha? Basi yatabadilishana nafasi. La kulia litakwenda kushoto, la kushoto litakuja kulia, na Whitney asukume kama alivyosukuma. Kama kosa ni la mkono, mkono haujahama, kiti kitaendelea kwenda kulia.

Ilichukua robo saa. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walisimama kutazama, maana Jericho hakuna jambo lisilo na watazamaji. Whitney alirudi kwenye kiti, akajiweka juu ya mstari mweupe, akasukuma mara mbili, akaachilia.

Kiti kilikwenda sawa hatua tano, sita, halafu kikaenda kushoto.

Alirudi kwenye mstari na kusukuma tena, na tena, na kila mara kiti kilimpeleka kushoto, na kila mara alirudi haraka zaidi. Mara ya mwisho alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mmoja wa wale wapita njia, asiyejua chochote, akaanza kupiga makofi. Kageha alimwacha alie. Yeye mwenyewe alikuwa na kazi ya kujiuliza, na swali lilikuwa moja tu: alipima, na kipimo kilikuwa sawa, kwa nini tundu ni dogo?

Walirudi bandani. Aliitoa beringi, akalipima tundu la bamba lile bovu likiwa limepoa tangu jana. Lilipungua ishirini na nane kwa sehemu mbili na nusu za mia za milimita. Ni kama theluthi ya unene wa unywele, lakini kwa beringi ni kukabwa koo. La kushoto lilikuwa sawa. Fundi ni yuleyule, mashine ni ileile, mikromita ni moja. Alisimama akiliwaza bamba, na akakumbuka kwamba jana hakuweza kuligusa.

Alimwambia babake bila kuzungusha maneno. Alumini ikipata moto hutanuka, na tundu lake hutanuka nayo. Jana alilipima likichoma, likasema ishirini na nane, na usiku likapoa likarudi dogo. Sheria ya kupima papo hapo na kufungua ndiyo iliyomponza.

Mzee alikuja juu. Alisema kazi aliyokereza yeye imevuta treni kutoka Mombasa mpaka Kisumu, na kwamba hakuna siku hata moja aliyongoja kazi ipoe, wala hakuna kazi iliyorudishwa. Kageha alimwacha aseme. Alimjua babake, ukimwachia nafasi hujibishana na yeye mwenyewe. Mzee aliendelea kuhesabu: magurudumu, vishikio vya breki, mashine kubwa zilizopangwa mistari miwili, yale maji meupe ya mafuta yakichuruzika juu ya kazi kutwa nzima hata viatu vililowa... Alikiangalia kisu cha leithi ya bintiye, kikavu, kimegandiwa na alumini iliyoyeyukia juu yake.

"Mama," alisema, jina alilomwita tangu azaliwe, kwa kuwa alipewa jina la mamake mzee. "Kule maji hayakukatika. Tulikuwa tunapima kitu baridi siku zote. Nimekufundisha kupima, maji nikasahau."

Kageha alisema hakuna neno. Lakini lilikuwepo, na lilimgusa, maana katika miaka yake yote hakuwa amemsikia mzee huyo akisema kwamba amesahau.

Habari njema ni kwamba tundu dogo hupanuliwa. Habari mbaya ni kwamba likizidi hata kidogo, bamba limekufa, na alumini nyingine ya unene huo haikuwepo. Kulirudisha bamba kwenye taya nne likae katikati palepale lilipokaa jana ni kazi ya kumtoa mtu kamasi. Aliizungusha leithi kwa mkono, akiutazama mshale wa saa ya kupimia, inayoonyesha kama kazi inayumba, akalegeza taya moja, akakaza nyingine, mpaka mshale ukatulia. Ilikuwa saa sita mchana. Jua lile lile la jana lilikuwa juu ya mabati yale yale.

Mzee Patrobas alikwishaondoka bila kuaga. Alirudi na mafuta ya taa chupa mbili, moja kila mkono, akaweka stuli yake kando ya leithi badala ya mlangoni, na akawa yeye ndiye mdondoshaji. Whitney alipewa mkebe wa maji na kitambaa cha kulowesha kilichofungwa kuzunguka bamba kila mashine iliposimama. Mikromita ilitolewa kabatini ikalazwa juu ya leithi yenyewe, ili ipate joto moja na kazi.

Kageha alikata mara moja, unyoya mwembamba kabisa, akazima. Kisha akafanya jambo lililokuwa gumu kwake kuliko kukereza kokote. Alingoja. Aliketi juu ya debe, mikono ameibana kwenye mapaja, dakika kumi, kitambaa kibichi kikiwa juu ya bamba, na kila alipotaka kuinuka aliona malengelenge ya Whitney akaketi tena. Akapima. Bado. Akakata unyoya mwingine, akangoja dakika nyingine kumi. Redio ilisoma taarifa ya habari, ikamaliza. Alikata mara nne, na kila mara alingoja, na mara ya tano alipopima aliiacha mashine ilivyo, akangoja tena bila kukata chochote, akapima kwa mara nyingine. Kipimo hakikusogea. Hapo ndipo alipofungua.

Beringi iliingia kwa kipande cha mti, mapigo matatu. Saa kumi walikuwa kwenye uwanja wa netiboli. Whitney alisukuma mara mbili, akaachilia, akainua mikono yote miwili juu, na kiti kikafuata mstari mweupe kutoka goli la huku mpaka goli la kule, ikabidi akishike asigonge nguzo.

Jumamosi, katika ukumbi wa michezo, Kageha na babake waliketi juu kabisa kwenye ngazi za watazamaji, na mzee alimweleza kila aliyeketi karibu naye kwamba mabamba yale ya mbele ni kazi ya nyumbani kwake. Whitney alicheza vipindi viwili. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akawapita watu ambao wiki iliyopita walikuwa wakimpita, na kapu lake la mwisho alilitia akiwa anasukuma kwa mkono wa kulia peke yake huku mpira uko kwenye wa kushoto. Kageha, ambaye nilikwisha kukuambia ni mtu wa kuringa, alikuwa ameufunika uso kwa leso, anatazama kwa jicho moja.

Kocha Kisilu aliyasoma majina kumi na mawili kwenye karatasi. La Whitney lilikuwa la saba. Alipomaliza alimwendea, akampiga bega, akamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba anafurahi kuona yale mazoezi aliyompa yamefanya kazi na mkono umepona.

Whitney alimtazama kwa utulivu.

"Haukuwa mgonjwa, Kocha," alisema. "Haujawahi kuwa mgonjwa."

Kisha akageuza kiti, akaenda kuchukua jezi yake.